Kitufe hakikuwepo kwenye kikao

Programu za kuandikia msimbo siku hizi zina kitufe kidogo kando ya kisanduku cha ujumbe wa komiti, yaani maelezo mafupi yanayoambatana na kila badiliko la msimbo linalohifadhiwa. Ukikibofya, akili mnemba inasoma mistari uliyobadilisha na kukuletea ujumbe ulionyooka, usio na kosa la tahajia, kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Ukiwasikiliza waandishi wa programu wa Kampala, wengi wanakizungumzia kana kwamba kimefunga mjadala wa miaka: msimamizi aliyekuwa akilalamika kwamba historia ya mradi imejaa "fix", "update" na "mwisho kabisa 2" sasa hana la kusema. Mimi naona anayo mengi ya kusema kuliko zamani. Kitufe kimejaza nafasi iliyokuwa tupu, lakini kimeijaza kwa kitu ambacho Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ilikuwa nacho tayari. Kinachopotea siku zote ni sababu ya badiliko, na sababu haikai ndani ya mistari. Iko kwenye sheria mpya ya kodi, kwenye waraka wa kampuni ya simu, kwenye kikao na mteja ambacho kitufe hakikuhudhuria. Zaidi ya hapo, ujumbe mtupu wa zamani ulijitangaza wenyewe kuwa mtupu. Huu wa sasa unaonekana umeshiba.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi tukumbuke komiti ni kitu gani. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoanza kuandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya wajenzi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kibiashara ya kazi hiyo hiyo, aliipa kila komiti vitu vichache tu: picha ya mafaili yote yalivyo wakati huo, jina na saa ya aliyeandika, komiti iliyotangulia, na ujumbe. Vitatu vya mwanzo mashine inavichukua yenyewe bila kumsumbua mtu. Ujumbe peke yake ndio unaotoka kichwani mwa binadamu. Tena Git ikitaka kuonyesha kilichobadilika, inalinganisha picha mbili na kutoa jibu papo hapo. Ndiyo kazi ya `git show`. Kwa hiyo ujumbe unaosema "badilisha kiwango kutoka 0.01 hadi 0.005" unarudia kitu ambacho msomaji anakiona sentimita mbili chini yake. Wajenzi wa Linux walilijua hili mapema, maana mabadiliko yao yalisafiri kwa barua pepe na mtu asiyekujua ndiye aliyeamua ayapokee au ayatupe. Hadi leo kanuni yao ni kwamba ueleze tatizo kwanza, suluhisho baadaye.

Chukua shilingi yetu. Katika ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Uganda haina desimali, ilhali ya Kenya ina mbili. Mfumo wa malipo ulioandikwa kwa ajili ya Nairobi, kama unatuma kiasi kwa senti, utakuwa na mahali unapozidisha kwa 100. Ulete Kampala bila kugusa mstari huo, na ankara ya 5,000 itadai 500,000. Mtu anagundua, anaondoa `* 100` upande wa UGX (shilingi ya Uganda), anaandika "fix amount", anaendelea na maisha. Mwaka unapita, ameshahamia kazi nyingine. Anayerithi anaona sarafu tatu zinazidishwa na moja haizidishwi, anadhani mwenzake alisahau, anairudisha ifanane na nyingine. Hakuna mzembe hapo. Wote wawili walifanya lililoonekana sahihi kwa walichokijua. Sasa kitufe kingeandika nini mara ya kwanza? "Ondoa kuzidisha kwa 100 kwenye kiasi cha UGX." Ni kweli tupu, na haimzuii mrithi hata kidogo, kwa sababu yeye anaona kwa macho yake kwamba imeondolewa. Linalomzuia ni hili: "Usizidishe UGX kwa 100: haina senti", na chini yake mstari unaotaja ni lango gani la malipo (huduma inayopokea pesa kwa niaba ya mfumo) lilihakikiwa, maana yapo malango yanayodai sifuri mbili hata kwa sarafu isiyo na senti. Habari hiyo ya lango haimo kwenye msimbo popote.

Mfano mwingine ni wa kodi. (Waandishi wa programu wengi huita msimbo "kodi" pia, humu kodi ni ile ya serikali tu, tusije tukatozwa mara mbili.) Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza 1% kwenye miamala ya pesa za simu. Kelele zikawa nyingi, na kabla ya mwaka huo kwisha sheria ikarekebishwa: 0.5%, na kwenye kutoa pesa peke yake. Kila mwenye mfumo unaogusa pesa za simu alilazimika kuingia kwenye msimbo mara mbili ndani ya miezi michache. Ujumbe wa komiti ya mara ya pili ungeweza kuwa hivi:

```
Toza 0.5% kwenye kutoa pesa tu

Sheria iliyoanza 1 Julai 2018 ilitoza 1% ya muamala.
Marekebisho ya mwaka huo huo yameshusha hadi 0.5% na
kuibakiza kwenye kutoa pesa. Kutuma na kulipa havitozwi.

Kiwango kinachaguliwa kwa tarehe ya muamala, si ya leo,
ili malalamiko ya Julai yaendelee kuhesabiwa kwa 1%.

Kiwango hakijahamishiwa kwenye hifadhidata, makusudi:
mhasibu anataka kila badiliko lipitie ukaguzi wa msimbo.

Tiketi: 318
```

Pitia sentensi moja moja ukijiuliza kama mashine ingeweza kuitoa kwenye mistari iliyobadilika. Kichwa cha habari, ndiyo, pengine. Aya ya kwanza haiwezi, kwa kuwa 0.005 haisemi imetoka sheria ipi. Aya ya pili inaweza nusu: itaona tarehe inasomwa, lakini haitajua kuna malalamiko ya Julai. Aya ya tatu haiwezi kabisa, kwa sababu inaeleza njia iliyoachwa, na njia iliyoachwa haiachi alama kwenye msimbo. Kwangu hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayomwokoa kijana mwenye bidii ambaye wiki yake ya kwanza kazini angeamua "kusafisha" kwa kuhamishia kiwango kwenye hifadhidata. Kipimo hiki, cha kujiuliza mashine ingeyapata wapi, ni chepesi na hakihitaji semina.

Wanaokitetea kitufe wana hoja, na moja ni nzito. Wanasema ujumbe wa mashine ni bora kuliko "fix". Ni bora. Kwa mabadiliko yasiyo na sababu ya kueleza, kama kurekebisha tahajia, kupandisha toleo la maktaba au kubadili jina la kigeugeu (variable), ujumbe wa kitufe unatosha na anayeuandika kwa mkono anapoteza muda. Hoja ya pili ni kwamba maelezo yako kwenye ombi la kuunganisha tawi (pull request, kazi ya pembeni inayosubiri kuingizwa kwenye mradi mkuu), ambako wakaguzi wamejadili kila kitu, na komiti zote zitabanwa kuwa moja wakati wa kuunganisha. Hii ina uzito pia, lakini ina tundu. Majadiliano yale yanaishi kwenye tovuti inayohifadhi ripo (hazina ya mradi na historia yake); hayamo ndani ya ripo yenyewe. Ukifanya `git clone`, yaani kunakili ripo, unapata kila ujumbe wa komiti tangu siku ya kwanza, hupati hata neno moja la mjadala. Mteja akihama GitHub, moja ya tovuti hizo, kwenda seva yake mwenyewe, au akaunti ya mkandarasi ikifungwa, ujumbe unabaki na mjadala unatoweka. Kama timu yako inabana komiti, sawa, basi nakili maelezo ya ombi yaingie kwenye ujumbe wa komiti ile moja itakayobaki, na ufute ile orodha ya "wip, wip, jaribu tena" ambayo tovuti hukuwekea yenyewe.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotajwa zaidi: kwamba hakuna anayesoma historia, na msimbo mzuri hujieleza. Ni kweli hakuna anayekaa na historia ya mradi jioni akiisoma kama gazeti. Daftari la madeni la muuza jumla wa Kikuubo nalo halisomwi hivyo. Linafunguliwa siku mtu anapokana. Historia husomwa kupitia zana, mstari mmoja kwa wakati, na mtu aliye na haraka. Anaendesha `git blame` kwenye faili la ankara, anapata komiti iliyougusa mstari huo mara ya mwisho, anafungua ujumbe. Au anaendesha `git log -S"0.005" -- kodi/` kupata komiti zote zilizoingiza au kuondoa namba hiyo. Au hajui kosa liko wapi, anatumia `git bisect`, ambayo hugawa historia nusu kwa nusu na kwa komiti 1,000 humfikisha kwenye yenye kosa kwa majaribio kumi hivi. Inasikitisha kufika jaribio la kumi ukakuta "update" yenye mafaili 46. Na kuhusu msimbo kujieleza: unaeleza unachofanya. Hauwezi kueleza kwa nini haufanyi kingine. Wapo pia wanaosema mashine ya kesho itasoma historia yote na kutueleza sababu. Itasoma nini, kama ujumbe wote umeandikwa na mashine ya leo kutokana na mistari ile ile?

Kuna dhana nyingine potofu inayofanana na hii, kwamba mpangilio ni sawa na uwazi. Timu inakubaliana kutumia Conventional Commits, kila ujumbe unaanza na `feat:`, `fix:` au `chore:`, na wanajiona wamemaliza. Mpangilio huo una kazi yake halisi: zana zinaweza kuusoma na kupandisha namba ya toleo, `fix` ikigusa tarakimu ya tatu, `feat` ya pili, na `BREAKING CHANGE` ya kwanza, kisha zikatoa orodha ya mabadiliko. Ukiwa unachapisha maktaba ambayo wengine wanaitegemea, utumie. Ukiwa unajenga tovuti ya SACCO moja isiyo na namba za toleo, `fix(malipo): ` inakula herufi 13 za kichwa na kukurudishia kidogo sana. Uthabiti ninaoutetea ni wa aina nyingine: kichwa kiseme badiliko kwa kitenzi cha amri, mstari wa pili uwe mtupu, sababu ifuate.

Kila kimojawapo kina chanzo chake. Kichwa kinalengwa herufi 50 na kisizidi 72, kwa kuwa kichwa kirefu hufurika kwenye orodha ya `git log --oneline`, na kurasa za GitHub hukata kinachozidi 72. Mstari wa pili unaachwa mtupu kwa sababu Git inahesabu kila kitu kabla ya mstari mtupu wa kwanza kuwa kichwa. Ukiusahau, aya yako nzima inaunganishwa kuwa kichwa kimoja kirefu. Mwili unakatwa kwenye herufi 72 kwa sababu `git log` inausogeza nafasi nne kulia, na dirisha la kawaida lina nafasi 80. Amri, kwa Kiswahili, ni zawadi. Linganisha "Nimeongeza", "Imeongezwa", "Kuongeza" na "Ongeza": ya mwisho ni fupi kuliko zote, na inaendana na jinsi Git yenyewe inavyoandika inapounganisha au kurudisha badiliko. Nafasi inahitajika, maana maneno yetu ni marefu. "Rekebisha ukokotoaji wa kodi ya ongezeko la thamani" tayari ni herufi 51 na haijasema lolote. "Toza VAT baada ya punguzo, si kabla" ni 35, na msomaji ameshajua kila kitu isipokuwa sababu.

Je, ni Kiswahili au Kiingereza? Ofisi nyingi za Uganda huandika Kiingereza bila kufikiri, japokuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu marekebisho ya 2005. Sioni haja ya vita hapa. Ripo moja, lugha moja, na iwe ile ambayo timu huitumia kubishana. Mtu anayebishana kwa Kiswahili kisha akalazimika kueleza sababu kwa Kiingereza, mara nyingi ataifupisha hadi ibaki "fix logic". Majina ya funksheni yabaki yalivyo, kwa herufi zile zile, ili `git log --grep` iyapate.

Mitego midogo ndiyo inayowakatisha tamaa watu wanaoanza kuandika ujumbe kamili. Ukiandika ndani ya kihariri, kila mstari unaoanza na alama ya `#` unahesabiwa kuwa maelezo na kufutwa. Kwa hiyo "#318 kodi ya kutoa pesa" inayeyuka bila onyo. Ukitumia `-m`, yaani kuandika ujumbe papo hapo kwenye terminali, mstari huo huo unabaki, ndiyo maana watu wawili wa timu moja hubishana kama tatizo lipo au halipo. Andika "Tiketi 318", au badilisha alama kwa `git config core.commentChar ";"`. Kwa `-m` yenyewe kuna mtego mwingine: ndani ya nukuu mbili ganda la bash (programu inayosoma unachoandika kwenye terminali) linatafsiri `$`, kwa hiyo "punguza bei hadi $5" inahifadhiwa bila tarakimu yoyote. Dawa ya yote ni kuacha `-m` kwa komiti yenye uzito, na kufungua kihariri baada ya kuweka `git config --global commit.verbose true`, ili mistari iliyobadilika ionekane chini wakati unaandika. Kabla ya hapo `git add -p`, uchague kipande kwa kipande. Ukiona kichwa kinahitaji "na pia", ni komiti mbili. Kupanga upya nafasi na mabano kusichanganywe kamwe na badiliko la mantiki, la sivyo `git blame` itamtaja aliyepanga nafasi badala ya aliyeamua; komiti ya namna hiyo iwe peke yake, na namba yake iorodheshwe kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha `blame.ignoreRevsFile` ielekezwe huko.

Timu inayotaka ukaguzi wa lazima itaandika skripti ya `commit-msg`, ambayo Git huiendesha kila ujumbe unapoandikwa. Wengi huiweka `.git/hooks` wakashangaa mbona kwa wenzao haifanyi kazi: folda hiyo haisafiri na `git clone`. Iweke kwenye folda ya kawaida ya mradi, tuseme `.githooks`, na kila mtu aendeshe `git config core.hooksPath .githooks` mara moja. Skripti ikague urefu wa kichwa na mstari mtupu, na idai mwili pale tu folda nyeti zinapoguswa, za kodi na malipo. Ukidai mwili kwa kila komiti utavuna mwili wa kubuni, na kitufe kitakubunia kwa furaha. Iruhusu pia komiti zinazoanza na "Merge", "Revert" na "fixup!". Mwenye haraka ataipita kwa `--no-verify`, kwa hiyo ukaguzi huo huo urudiwe kwenye seva.

Kitu kimoja kisiandikwe kamwe: habari za mteja. "Rekebisha salio la 0772…" pamoja na jina lake kamili ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na imekwenda kwenye kila nakala ya ripo. Kuiondoa kunalazimu kuandika upya historia kwa `git filter-repo` na kumtaka kila mtu anakili upya. Namba ya tiketi inatosha. Kitufe nacho kina upande wake hapa, kwani zana nyingi za aina hii hutuma mistari yako kwenye seva za nje ili zitunge ujumbe; faili la majaribio lenye namba halisi za wateja litasafiri nalo.

Hapa kwetu gharama ya haya yote hulipwa siku ya makabidhiano. Mifumo mingi hujengwa na wakandarasi wa miezi sita, kisha hurithiwa na mtu mmoja wa idara ya kompyuta ambaye hakuwepo. Sheria za kodi nazo hubadilika kila mwaka wa fedha unapoanza, tarehe 1 Julai, kwa hiyo mrithi ana miezi michache tu kabla ya kulazimika kugusa mistari asiyoielewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bado mashirika hupokea faili la zip lililopakuliwa kwenye tovuti, ambalo lina msimbo wa siku hiyo na halina folda ya `.git`, yaani daftari limebaki kwa muuzaji. Mkataba udai historia nzima. `git bundle create mfumo.bundle --all` huiweka yote, matawi pamoja na ujumbe, kwenye faili moja linaloweza kukaa kwenye flashi, na mpokeaji huifungua kwa `git clone mfumo.bundle`. Kisha, kabla ya malipo ya mwisho kusainiwa, achague mistari mitano anayojua itamsumbua, kama vile kiwango cha VAT, kuzungusha shilingi, orodha ya namba za simu zinazokubaliwa, muda wa kusubiri jibu la kampuni ya simu, na ada ya kutoa pesa. Aendeshe `git blame` kwenye kila mmoja na asome ujumbe. Akikuta umesema kilichofanyika bila kusema kwa nini, amwite mkandarasi waandike sababu pamoja siku hiyo hiyo, kwenye komiti mpya yenye maelezo kando ya mstari wenyewe, maana wakati huo simu ya mkandarasi bado inapokelewa.